Chapati za Jumapili ya Kusameheana

Mwanangu, kuna Jumapili moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja hunitoka jasho. Nilikuwa msichana bado, nimetoka Tanga kuja Guangzhou, Uchina, kusomea udaktari, nikapanga chumba mtaa wa Xiaobei kwa Mzee Abeid na mkewe. Mzee alikuwa wakala wa mizigo, mtu wa Unguja aliyesomea uhandisi Urusi enzi za ujana wake. Huko ndiko alikompata Galina, ambaye sote tulimwita Mama Timuri, kwa jina la mtoto wao wa pekee.

Huyo Timuri hakuwa akikanyaga nyumba ile. Aliacha chuo akafungua duka la nguo barabara ya Zhanqian, na baba yake, aliyetaka mhandisi, akasimama mbele ya wageni akasema, "Mimi sina mtoto wa kiume." Kijana alibeba begi lake akatoka. Mji mmoja, vituo vichache vya metro, lakini hawakusalimiana tena.

Sasa Warusi wana wiki yao ya kuyaaga majira ya baridi, kabla hawajaingia kwenye mfungo mrefu wa kuelekea Pasaka. Ni kama sisi watu wa pwani tunavyovunja jungu Ramadhani ikikaribia. Wiki nzima Mama Timuri alishinda jikoni, akimimina uji wa unga, mayai na maziwa kwenye kikaango, akitoa chapati za maji nyembamba, za duara, zenye rangi ya jua. Wenyewe huziita blini. Tulizila kwa siagi, asali na mtindi mzito. Siku ya mwisho ndiyo Jumapili ya kusameheana. Mtu humwendea mwenzake akasema, "Nisamehe," naye hujibiwa, "Mungu atakusamehe, nami nimekusamehe." Mzee alizipenda chapati, ila hayo ya Jumapili aliyaita kwa utani mambo ya mke wake.

Mwaka ule hakutania. Moyo wake ulikuwa mbovu, na Jumatatu asubuhi alikuwa apasuliwe. Tuliojua ni sisi watatu tu.

"Timuri asiambiwe," alitusisitiza.

Asubuhi ya Jumapili Mama Timuri alinipa chapati katika bakuli lenye mfuniko nimpelekee mwanawe dukani. Timuri alifunua, mvuke ukampiga usoni, macho yakamwiva. Kisha akanirudishia.

"Dada Salma, mwambie mama ahsante. Nyumba ya mtu asiye na mtoto, mimi naingia kama nani?"

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu: baba yako kesho anapasuliwa. Nikaling'ata.

Niliporudi na bakuli limejaa vilevile, Mama Timuri alizima jiko. Sikuweza kuvumilia. "Mama, niruhusu nimwambie. Akijua atakuja mbio."

Alimtazama mumewe. Mzee akasema, "Nipeni viatu vyangu."

"Baba, daktari amekukataza ngazi."

"Sikuuliza ya daktari, binti yangu. Nimeomba viatu."

Tulichukua teksi. Duka lilikuwa ghorofani, na mlango wa lifti ulikuwa umezibwa na marobota na watu. Mzee hakungoja. Alishika reli akaanza kupanda. Nilimshika kifundo cha mkono, nikahisi mapigo yanakimbia, yanaruka, yanapotea, yanarudi. Midomo yake iliingia rangi ya majivu. Nyuma yetu Mama Timuri alikuwa akinong'ona dua kwa Kirusi. Kila nilipomwambia apumzike, Mzee alitikisa kichwa.

Timuri alikuwa na wateja. Mzee alisimama mlangoni, akazungumza kwa sauti ya kusikika na wote.

"Timuri, nilisema sina mtoto wa kiume. Nilisema uongo, na niliusema mbele za watu. Nimekuja kuufuta mbele za watu. Nisamehe."

Mwanangu, wateja waliacha kuchagua nguo. Hata mama wa Kichina wa duka la pili, ambaye hakuelewa neno, alipunguza redio yake. Timuri alitugeuzia mgongo. Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Niliona mkono wa Mzee unateleza kwenye fremu ya mlango. Nilifungua kinywa nipige kelele, Mama Timuri akanibana mkono mpaka nikaumia.

"Mungu atakusamehe, baba," Timuri alisema bila kugeuka.

Hiyo ilikuwa nusu ya jibu. Tulisimama tukiingoja nusu ya pili, na mimi nikiwa nimekaza vidole kwenye ule mshipa uliokuwa ukififia.

"Nami..." Akaliachia shati. "Nami nimekusamehe."

Hapo ndipo alipogeuka, akamwona baba yake alivyo. Aliruka marobota, akamdaka kabla hajafika chini.

Tulimlaza juu ya mzigo wa nguo, nikamlegeza vifungo, na pale ndipo Timuri alipoambiwa habari ya kesho. Alighadhibika. "Kwa nini mlinificha?"

Mzee alijibu kwa pumzi za kuazima. "Ningekwambia, ungeyasamehe maradhi. Nilitaka unisamehe mimi."

Operesheni ilikuwa ndefu, nasi tulikaa kwenye korido mabega yakigusana, Timuri katikati. Mzee alitoka hai. Aliishi mpaka akamwozesha mwanawe yuleyule muuza nguo.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Ukimkosea mtu, mfuate wewe, hata kama mkubwa ni wewe. Ulilolisema hadharani, usilifute chumbani. Usitangulize ugonjwa, machozi wala zawadi. Litaje kosa lako kwa jina lake, kisha umwachie mwenzako nafasi ya kukubali au kukataa. Nawe ukiombwa radhi, usimsimamishe mtu mlangoni kwa kujifurahisha. Hujui amepandaje ngazi.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuomba msamaha na kifua kipana cha kuutoa. Na wote uliokosana nao, akukutanishe nao mngali hai. Amina.