Jembe la Posa Kibakwe

Nilisafiri kutoka Dodoma kwenda Kibakwe kwa sababu mbili. Ya kwanza niliwaeleza wote: nilikuwa natengeneza filamu ya mapenzi na nilihitaji milima. Ya pili sikumweleza mtu. Nilitaka kumwoa Elina, mpiga chapa wa ofisini kwetu, ambaye katika filamu alikuwa msichana anayeposwa, na Kibakwe ndiko walikokuwa wajomba zake waliomlea. Nilipanga kumaliza kazi kwanza, kisha nizungumze nao kiutu uzima.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, na vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa watu vikaanza kuonekana madukani. Mtaani kwetu Nkuhungu, pale Dodoma, palizuka mabanda ya video. Nami nilipata kamera ya mkanda iliyotoka Dubai, pamoja na kitabu cha Kiingereza cha kufundisha utengenezaji wa filamu, nikakisoma kwa kamusi hadi ukurasa wa mwisho. Kitabu kilishauri mwongozaji asicheze katika filamu yake. Niliona ni ushauri wa busara. Nafasi ya mchumba nikampa Bosco, karani wa stoo, kijana wa Songea mwenye sauti nzuri. Maneno yote ambayo ningependa kumwambia Elina niliyaandika kwa uangalifu, nikamkabidhi Bosco ayaseme. Niliamini Elina angetambua yametoka wapi.

Stesheni ya Dodoma, asubuhi. Treni ilichelewa, kwa hiyo niliamuru mazoezi yafanyike kwenye benchi. Bosco alisema maneno yangu. Elina akayasikiliza huku ameinamisha kichwa. Walipomaliza akanigeukia.

"Kaka Festo, haya umeyaandika wewe?"

"Mimi."

"Mazuri jamani. Tena Bosco anayajulia!"

Niliandika pembeni mwa mswada kwamba mazoezi yanaendelea vizuri.

Gulwe tuliteremka kwenye vumbi jekundu, tukapata lori la chumvi hadi Mpwapwa. Hapo tukapata pigo. Mzee Hamisi, dereva mstaafu aliyepangiwa kucheza kama mshenga, yaani mtu wa kupeleka posa kwa niaba ya mchumba, alishikwa na tumbo.

"Nendeni wanangu," alisema akiwa amejikunja kwenye kitanda cha nyumba ya wageni. "Nikipanda lori lile tena, mtanizika pamoja na kamera yenu."

"Sasa nani atakuwa mshenga?" Bosco aliuliza.

"Si yupo kaka Festo?" Elina alisema. "Sura anayo."

"Sura gani?"

"Ya mtu unayeweza kumwachia mzigo wako stendi ukaenda kunywa chai."

Walicheka. Nilichukua sentensi hiyo kama sifa, na nikaendelea kuichukua hivyo hadi tulipoanza kupanda milima.

Kibakwe tulifika alasiri. Baada ya ukavu wa Dodoma, macho yalistarehe: mashamba ya maharage yamening'inia kwenye miteremko, hewa ya baridi, moshi wa majiko ukitembea chini chini. Mjomba Yeremia, mkubwa wa wajomba, alitupokea uani akiwa amevaa koti.

"Shikamoo, mjomba," nilisema.

"Marahaba. Ndiyo hiyo inayomeza watu?" Alionyesha kamera.

"Haimezi, mjomba. Inahifadhi."

"Ghala nalo linahifadhi, lakini hatulivalii koti."

Jioni niliwaeleza tukio la kesho. Katika ukoo wao mshenga hupeleka jembe jipya. Mjomba akilipokea likaingizwa ndani, posa imekubaliwa. Likitolewa tena nje, imekataliwa, na majirani wote wanajua. Habari hizo nilizipata kwa Elina mwenyewe, nami nilizipenda kwa sababu za kisanii: kitendo kizima kinaeleweka bila maneno. Kwa kuwa kitabu kilisisitiza uhalisia, niliomba jembe liwe jipya kabisa, wajomba wawe wenyewe na majirani waalikwe.

"Mnataka tufanye kama tunavyofanya siku zote?" Mjomba Yeremia aliuliza.

"Hasa hivyo, mjomba. Msipunguze kitu."

Wajomba walitazamana. Mmoja akamuuliza Bosco kabila lake, kama amewahi kuoa, na kama anakunywa. Nilifurahi kuona wanavyojiingiza katika uhusika.

Asubuhi, jua lilipochomoza juu ya mlima, nilisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikabonyeza kitufe, nikazunguka mbio hadi langoni. Niliingia na jembe begani, Bosco nyuma yangu. Nilisema niliyojiandikia: kwamba nimetumwa na kijana mwenye heshima, na kwamba kijana huyo hana usingizi. Mjomba Yeremia alilipokea jembe kwa mikono miwili. Shangazi akaliingiza ndani, vigelegele vikapigwa. Lilikuwa tukio zuri sana, ila wingu lilikuwa limelifunika jua.

"Hongereni," nilisema. "Tunarudia. Naomba jembe litoke."

Vigelegele vilikatika.

"Litoke?" Mjomba Yeremia aliuliza.

"Mwanga haukutosha, mjomba."

"Bwana mshenga, jembe likitoka humo tumemkataa kijana mbele ya watu. Kakosa nini?"

"Hajakosa. Hili ni igizo tu."

"Uliposema tusipunguze kitu, tulikaa tukashauriana. Kijana tumemuuliza, akajibu vizuri. Sasa unasema mwanga!"

Mwanamke mmoja miongoni mwa majirani alisema, "Labda huyu mshenga kahongwa na mchumba mwingine." Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Alimgeukia Elina.

"Mwanangu, mwenye neno ni wewe. Litoke au libaki?"

Katika mswada Elina hakuwa na neno mahali hapo. Mimi nilikuwa nalo. Ningeweza kusema litoke, kisha nilirudishe kwa jina langu. Sentensi yenyewe ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeiandika na kuifuta mara nyingi. Lakini nilikuwa nimesimama katikati ya ua kama mjumbe wa mwanamume mwingine, na mjumbe anayeanza kujisemea hana mahali pa kusimama katika nyumba yoyote ninayoijua. Nilimtazama Elina. Yeye alikuwa anamtazama Bosco.

"Libaki, mjomba," alisema.

"Mimi sina pingamizi," Bosco alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuipata kwake katika mazoezi.

Mkanda wa kamera ulikuwa bado unazunguka.

Safari ya kurudi ilikuwa ile ile, isipokuwa kwamba wawili walikaa pamoja na mimi nikakaa na vyombo. Mpwapwa tulimchukua Mzee Hamisi, amepona. Alisikiliza kisa chote, akaninong'oneza, "Mwanangu, tumbo langu limekuponza." Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote kuhusu mimi.

Nkuhungu nilikaa na mkanda nikiuunganisha. Ningeweza kuukata uso wa Elina akisema "Libaki". Niliutazama mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji, nikauacha, kwa sababu ndiyo picha pekee katika filamu nzima ambayo mtu haigizi. Bandani watazamaji walipiga makofi. Mama aliyekata tiketi alitaka kujua nimemtoa wapi yule mshenga anayejua kuigiza huzuni kiasi kile.

Mshenga, kwa desturi, haachii njiani. Nilirudi Kibakwe kupanga siku ya arusi, nikarudi tena siku yenyewe, nikiwa na suti. Sikuruhusiwa kushika kamera; mshenga ana kiti chake mbele ya watu. Waliajiri kijana wa Mpwapwa, mwanzo kabisa wa ufundi wake. Nilijifunza hapo kwamba mapenzi aliyopewa mtu mwingine kuyasema huwa ni ya yule aliyeyasema, na kwamba hakuna wa kumlaumu, maana kila mmoja alifanya sawasawa na nilivyoomba.

Mkanda wa arusi uliletwa ofisini baadaye. Bwana na bibi arusi wanaonekana vizuri. Mimi naonekana kuanzia shingoni kwenda chini, mkono ukipiga makofi. Elina aliona haya.

"Kaka Festo, tusamehe. Yule kijana hajui kupiga."

Nilimwambia kwamba kwa maoni yangu ya kitaalamu picha ile haihitaji kurudiwa.