Nusu Saa ya Jua la Tabora

Treni iliondoka Dar es Salaam jioni, ikatembea usiku kucha, ikatupitisha Dodoma asubuhi, kisha vichaka vya Itigi ambavyo nilidhani havina mwisho. Niliposhuka Tabora nilitazama saa yangu: kumi na mbili na nusu. Kwetu Pwani wakati huo watu wanawasha taa. Hapa jua lilikuwa bado juu ya mabati, jekundu, halina haraka! Nikaitikisa saa.

"Saa yako nzima, bwana," mchukuzi mmoja akacheka. "Jua letu ndilo linalochelewa."

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami nilikuwa karani wa duka la ushirika katika kijiji kimoja nje ya mji, mbele ya Kipalapala. Miguu yangu haijawahi kutulia popote, lakini Isevya, mtaa wa Tabora mjini, ulinishika. Palikuwa na fundi cherehani, mzee mwenye asili ya Oman aliyezaliwa hapohapo mjini, na fundi huyo alikuwa na binti. Mzee aliniruhusu nizungumze naye barazani, mbele ya macho yake, kwa sharti moja: redio ikitangaza saa kumi na mbili, niondoke.

Duka lilifungwa saa kumi na moja. Nilikanyaga baiskeli kwenye mchanga kama ninayefukuzwa, nikafika jasho linatiririka.

"Karani," binti alinitania, "umekuja kuzungumza au kuhema?"

Kabla sijajibu, redio ikatangaza.

"Mzee, mbona bado mchana?"

"Saa ni saa, kijana. Kwaheri."

Ramadhani ikaingia, mzee akanialika kufuturu. Harufu ya uji wa pilipili manga ilikuwa imejaa barazani redio ilipotangaza saa kumi na mbili. Nikainuka.

"Unakwenda wapi na swaumu yako? Kaa!"

"Saa imefika, mzee."

"Imefika ya nini? Huoni jua lile?"

"Naliona, mzee. Hata jana nililiona."

Nyuma ya pazia binti akaangua kicheko. Mzee alitazama redio, akatazama jua, akajikuna ndevu.

"Haya," alisema. "Tangu leo, mpaka magharibi."

Nusu saa na zaidi, kila siku! Katika nusu saa hizo tulikubaliana kuoana.

Nasikia Ulaya bado wanasogeza saa mbele kila kiangazi ili jioni iwe na mwanga, na wenyewe wanaulizana kama siku hizi kuna maana. Kwetu, ambako mchana haurefuki wala kupungua sana, sioni maana yoyote. Lakini simcheki mtu anayetafuta mwanga baada ya kazi. Mimi niliupata bila kugusa mshale wa saa, na nikapata mke.

Siku tuliyohamia Pwani moja kwa moja, mzee alitusindikiza stesheni.

"Huko kwenu Pwani jua linazama mapema?"

"Mapema, mzee."

"Basi mapema mwanangu awe ndani."

Mke wangu alicheka huku akilia. Treni ikaondoka, na jua la Tabora lilikuwa bado juu ya mabati.