Mayai na Kipara

Mume wangu alikuwa na kipara kabla hatujafahamiana, na kila Krismasi mama yake alimletea kofia aliyoifuma mwenyewe. Nilidhani ni mapenzi tu. Mwanamke wa kijijini Bujora, kijana wake yuko mjini, baridi ya asubuhi ya ziwani, basi anafuma kofia.

Mwaka juzi nikapata mimba yangu ya kwanza. Furaha yangu haikuwa na adabu. Nilimtangazia kila mteja aliyeleta kitambaa kwenye cherehani yangu pale Nyamagana, hata mzee aliyekuja kupunguza suruali. Jambo moja tu nililificha: droo ya cherehani ilijaa pemba, ule udongo mgumu unaouzwa sokoni kwa ajili ya wajawazito. Wali ulinitapisha, lakini udongo ule ulinukia mvua ya kwanza, nami niliutafuna huku nashona.

Kliniki, nesi alinitoboa kidole, akapima, akaniangalia midomo.

"Damu yako ndogo. Na udongo unakula."

Akaniambia udongo unazuia mwili kuchukua madini ya kutengeneza damu, na kwamba mtoto anaweza kuzaliwa mdogo, kabla ya wakati. Kisha akasogeza kiti.

"Mama, usifikiri huyo amekaa humo anaota kucha tu. Sasa hivi anajenga ubongo. Fundi ni yeye, lakini vifaa unaleta wewe. Vidonge vya kuongeza damu usiache. Kula dagaa, maharage, mboga za majani, kamulia limau. Na yai. Tukipima tena damu haijapanda, nakuandikia rufaa ya hospitali kubwa."

Rufaa ilinitisha, sikatai. Lakini nilitoka pale nikiwa na jingine kichwani: ubongo! Mimi niliyekuwa nafeli hesabu kila muhula, leo napeleka vifaa vya kujenga ubongo wa mtu! Nilinunua dagaa, nikanunua matembele, nikanunua trei nzima ya mayai, nikaibeba kifuani hadi nyumbani.

Mlangoni nikamkuta mama mkwe. Amekuja kunitunza, ana kibuyu cha maziwa mgando, mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, na nyuzi za kufumia.

"Mwangaluka mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, salamu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa linazama.

Alicheka, akaanza kuitikia, mara akaona trei.

"Hayo nani anakula?"

"Mimi, mama."

"Mjamzito hali mayai. Mtoto atazaliwa hana hata unywele mmoja."

Nilibishana. Nilimtaja nesi, nikautaja ubongo, sauti ikapanda kuliko inavyoruhusiwa mbele ya mkwe. Kesho yake niliporudi kutoka kazini, trei haipo. Ameigawa kwa majirani, na jirani mmoja akaja kunishukuru! Nilipandwa na hasira hadi mtoto akanipiga teke.

Mume wangu, ambaye mbele ya mama yake hurudi darasa la pili, hakuthubutu kusema kitu. Lakini jioni alipotoka kiwandani Nyakato alianza kuja na mayai ya kuchemsha mfukoni mwa koti, na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Niliyala chooni, nimefungulia bomba ili nisisikike. Sijawahi kumpenda mtu kiasi kile.

Mpaka jioni moja alipoinama kusalimia. "Shikamoo mama." Yai likachomoka mfukoni, likabingirika sakafuni, likasimama miguuni pa mama mkwe. Ile marahaba ikakatikia njiani.

Aliliokota, akalinusa. Nikasimama, mikono tumboni, tayari kwa vita.

"Mama, damu yangu ni ndogo. Mtoto wangu nitamlisha, hata ukinikasirikia."

Wala hakunisikia. Alikuwa anaangalia kichwa cha mwanawe.

"Nilikula," akamwambia. "Mimba yako ilikuwa na njaa isiyosikia mwiko. Nilikuwa natoa mayai kwenye kiota, nayachemshia ndani ya sufuria ya maharage, baba yako asijue. Ukazaliwa kipara hivyo hivyo. Nywele zikaota, ukakua, zikaondoka tena. Baba yako tumemzika na nywele zake zote. Kila nikikuona huna kofia, moyo unaniambia, ni wewe mama uliyemfanya hivi."

Mume wangu alijipapasa kipara. Kisha akaanza kucheka, machozi yakimtoka.

"Mama, na hesabu nilizokuwa nawafanyia kaka zangu wakubwa? Na akili ya hizo nani alinijengea?"

Mimi si daktari, siwezi kusema ni mayai. Lakini jibu lile nililidaka kwa mikono miwili! Mama mkwe akamenya lile yai, akalitia chumvi, akanipa, na akanitazama hadi nikamaliza.

"Na ule udongo wa kwenye droo," akasema, "umeacha?"

Nilikuwa nimeacha. Au karibu nimeacha. Siku hiyo nikaacha kweli.

Tulipopima tena, damu ilikuwa imepanda. Nilipiga vigelegele humo humo kwenye chumba cha nesi. Binti yetu alizaliwa kwa wakati wake, mzito, macho yanatafuta kila sauti, na kichwani hana kitu. Upara mtupu! Bibi yake alimpokea, akapitisha kiganja juu ya kile kichwa, akamvalisha kofia aliyomfumia.

Mwezi uliofuata tulimpeleka kupima uzito. Kwenye benchi, binti mmoja mwenye mimba changa alikuwa anamnong'oneza mwenzake kwamba kwao wamemkataza mayai. Mama mkwe alimgeukia.

"Kula, mwanangu. Nywele zinasubiri. Ubongo hausubiri."

Kisha, mbele ya benchi zima, akamvua mjukuu wake kofia.