Adhana Mbili Kabla ya Magharibi

Habari hii huwa naikwepa, na kama si mume wangu kuanza kuisimulia vibaya kwenye harusi ya juzi nisingefungua kinywa, lakini basi, nisikieni mwenyewe jinsi nilivyowafuturisha watu wa Tanga jua likiwa bado linawaka.

Mimi ni fundi mitambo wa redio moja ndogo pale Chumbageni (jina nalificha, aibu niliyoipata inatosha). Vipindi vyetu vyote, na adhana pia, vinarushwa na mashine pepe ya Linux, yaani kompyuta isiyoshikika, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine kubwa. Kuna programu ndogo inayoziunganisha hizo mbili, nayo ilikuwa inanisumbua kila siku na onyo kwamba imepitwa na wakati. Alasiri moja ya Ramadhani, ofisi imetulia, nikajiambia hii ni kazi ya kubonyeza tu, nikaisasisha, mashine ikazima ikawaka, kaswida ikaendelea, nikajiona hodari.

Sasa chumba cha mitambo hakina dirisha. Adhana ya Magharibi ilipolia nami niliamini kama wengine, nikanywa maji, nikala tende, na nilikuwa nimeshafika kwenye kaimati (njaa ilikuwa kali, msinihukumu) alipoingia meneja wetu, Bwana Mhando, ambaye ni Mlutheri lakini hajawahi kula mbele yetu mwezi huo, akasimama mlangoni akiutazama mdomo wangu.

"Zaituni," akasema taratibu, "mbona nje jua bado lipo?"

Nikatoka kutazama. Lipo, tena limetulia juu ya mapaa kama halina safari.

Nikarudi mbio, nikakuta saa ya mashine iko mbele karibu robo saa. Nikairudisha, ikakaa sawa, nikageuka kumweleza Bwana Mhando kwamba tatizo limekwisha, na nyuma yangu saa ikaruka tena, mashine ikaona Magharibi yake imefika, ikapiga adhana mara ya pili.

Hapo simu zikaanza. Mtu wa Makorora akauliza kama leo kuna Magharibi mbili, mwingine akataka kujua ateme au ameze. Mimi nairudisha saa, inaruka, nazima mashine nawasha, inaruka, mpaka nikaanza kufikiri labda ni mimi nisiyejua kusoma saa, nikamuuliza Bwana Mhando ni saa ngapi, akanionyesha simu yake, nikaitazama na bado sikuelewa chochote. Mwisho akachomoa mwenyewe waya wa matangazo, akasema bora tukae kimya kuliko kutoa adhana ya tatu.

Katika kimya kile akili ikanirudia. Kitu pekee kilichobadilika siku ile ni ile programu, basi nikaisimamisha, nikarekebisha saa, ikatulia. Nikaenda kwenye kompyuta kubwa, ambayo hakuna aliyewahi kuitazama saa yake, nikakuta iko mbele kwa kiasi kilekile. Kumbe programu ya zamani ilikuwa inaiacha mashine pepe na saa yake, hii mpya ikaja na tabia ya kuilazimisha ifuate ya kompyuta kubwa, na mimi nilikuwa nahangaika na saa isiyo na kosa.

Shehe wetu wa mawaidha akaomba radhi hewani kwa niaba yangu, akasema waliofungua kwa adhana ile wailipe siku hiyo. Nikadhani yamekwisha. Simu yangu ikaita, mama mkwe, kutoka Muheza. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akasema, "Mwanangu, nimekula muhogo sahani nzima. Nilijua uko kazini, nikasema saa ya Zaituni haikosei." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniliza.

Baada ya Idi nilikwenda Muheza tukailipa pamoja. Jioni nikawasha redio yetu, kwa kujiamini kabisa, kwa kuwa saa zote nilishazirekebisha. Mama mkwe akaizima kwa adabu, akatoka uani, akasimama akilitazama jua mpaka likazama lote.

"Redio yenu naipenda," akaniambia akirudi, akinipa tende. "Kwa taarabu."

Tangu hapo sisasishi kitu mwezi wa Ramadhani, na mwezi mwingine wowote nikitaka kugusa mashine, natoka nje kwanza nikatazame jua.