Nengonengo Niliyomficha Daktari

Naitwa Kabula, ila wengi wananiita Mama Limi. Nimezaliwa Samuye, Shinyanga vijijini, nikaolewa huku Geita, na kwa miaka mingi nimefanya kazi mwaloni, pale tunapoosha mchanga wa mawe yaliyosagwa ili tupate dhahabu. Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa shoka. Nilibeba mfuko wa mchanga kichwani huku nikitaniana na wenzangu, nikirudi nyumbani nasonga ugali wa watu saba bila kuhema.

Mwaloni zebaki tunaikoroga kwenye beseni kwa mikono mitupu. Dhahabu isiponasa, unaongeza zebaki. Ikikataa tena, unaongeza tena. Nilifundishwa hivyo na mimi nikawafundisha wengine. Baadaye vidole vyangu vikaanza kutetemeka, fizi zikawa zinatoka damu, na mdomoni nikawa nasikia ladha ya chuma hata nikila uji.

Siku moja ya gulio akaja mwanamume na gari lenye spika. "Mama zangu wa mwaloni! Hii ni nengonengo safi! Inatoa zebaki yote mwilini, imethibitishwa na wataalamu!" Akafungua chupa, harufu ikatupiga puani, harufu ileile ya dawa ya kuchua misuli inayouzwa madukani.

Nengonengo naijua tangu utotoni. Ni kichaka chenye maua ya zambarau, na mizizi yake ndiyo dawa. Bibi yangu aliitwanga, akanyunyizia unga wake kwenye mahindi ili dumuzi wasiyaguse. Mwenye kichwa kinachouma alimpa anuse tu. Hakumpa mtu yeyote anywe, na akimaliza kutwanga alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Yote hayo niliyakumbuka pale gulioni. Lakini chupa ilikuwa na lebo nzuri, imechorwa moyo na majani. Nikajiambia bibi alikuwa mtu wa zamani, na kama inaua dumuzi, itashindwaje zebaki? Nikanunua.

Lebo ilisema kijiko kimoja asubuhi. Siku tatu, vidole bado vinatetemeka. Basi nikafanya kama ninavyofanya kwenye beseni: nikaongeza. Vijiko vitatu. Kisha nusu kikombe.

Masikio yakaanza kuvuma, mtu akiongea namwona midomo tu. Nikatapika mpaka nyongo. Nikaharisha hadi nikashindwa kufika chooni, wifi yangu Minza akawa ananifulia nguo. Nilihema haraka haraka na hali nimelala. Mkojo ukatoka mweusi kama chai ya rangi, kesho yake ukakata kabisa.

Zahanati tuliyoenda kwanza, nesi aliniuliza mbele ya foleni nzima, "Umekunywa miti shamba? Nyie watu mkishashindwa na waganga wenu ndio mnatuletea maiti!"

"Sijanywa kitu," nikasema.

Niliona aibu, na aibu ile ilinila siku mbili. Walinitundikia dripu, wakanirudisha nyumbani. Uso ukavimba macho yasifunguke. Minza na mume wangu wakanipeleka hospitali kubwa, na huko daktari, binti mdogo tu, akaanza na "Shikamoo, mama." Akauliza nimekunywa nini. Nikakana tena.

Minza akanisogelea. "Wifi, utakufa na aibu yako?" Akatoa chupa ndani ya kanga, akampa daktari.

Daktari akainusa. Hakunitukana. Akasema, "Hii ni nengonengo, hata kwetu wanawekea mahindi." Kisha akanieleza taratibu. Ile harufu ni salisileti, ndugu wa aspirini: kidogo hutuliza maumivu, nyingi huvumisha masikio na kukimbiza pumzi. Humo humo kuna saponini, inayotoa povu kama sabuni. Hiyo hupasua chembe za damu, na mabaki yake yakaziba figo zangu. "Na zebaki haitoi hata kidogo, mama. Umeongeza sumu juu ya sumu. Ungeniambia tangu mwanzo, tusingepoteza muda."

Walinitoboa shingoni, wakaweka mpira, damu yangu ikasafishwa na mashine. Sikumbuki ni mara ngapi. Siku nilipokojoa robo kikombe, Minza alipiga vigelegele wodi nzima ikageuka kututazama.

Nilipopata nguvu nikamuuliza daktari amejuaje hayo yote. Akajibu kwamba watafiti wameshaupima mzizi huo zamani na wameandika.

Hapo hasira ilinipanda hadi nikalia. Kwa sababu watafiti nawakumbuka! Walikuja Samuye nikiwa msichana, wakakaa uani kwa bibi yangu, wakala viazi vyake. Bibi aliwachimbia mizizi kwa jembe lake, akawaomba neno moja: "Mkijua kilichomo, mje mniambie." Wakajaza mifuko, wakaondoka. Bibi amekufa akisubiri. Ujuzi umetoka uani kwetu ukaenda kulala kwenye makaratasi tusiyoyaona, na mtu wa kwanza kuturudishia ni mwizi mwenye spika! Na yule nesi, nani alimwambia kazi yake ni kunifunga mdomo?

Namshukuru Mungu. Minza, wabeja sana, asante mno, mimi na wanangu hatutasahau. Daktari wangu, wabeja sana kwa shikamoo yako, maana ndiyo iliyoanza kuniponya. Figo zinafanya kazi, ingawa napimwa kila mara. Vidole bado vinatetemeka kidogo. Mwaloni sirudi.

Dawa zetu sizitukani. Bibi yangu hakuwa mjinga, alijua matumizi ya mzizi ule yanaishia wapi. Mjinga nilikuwa mimi niliyeamini lebo. Yule mwanamume hajaonekana tena gulioni kwetu, ila nasikia chupa zake zimefika Kagongwa. Usinywe. Na kama umeshakunywa, beba chupa yenyewe uende nayo hospitali, useme ulikunywa nini na kiasi gani, hata foleni nzima ikisikia. Wakikutukana, acha wakutukane ukiwa hai.