Wadudu wa Fadhiya

Ukimuuliza Fadhiya binti Zakariya anafanya kazi gani, hatakuzungusha. Atakwambia yeye ni mfugaji. Ukiuliza anafuga nini, mbuzi au kuku, atacheka kwanza, kisha akwambie: wadudu wa choo cha treni. Na hapo usiseme hukuonywa, maana akianza haachi. Kuna wanawake wa Mji wa Kale waliomuuliza swali hilo arusini, sinia la pilau liko katikati yao, wakala kidogo sana siku hiyo.

Mwenyewe haoni aibu hata chembe. Husema zamani choo cha treni kilikuwa tundu tu; mtu alijisaidia, na kilichotoka kikaachwa relini jua likishughulikie. Siku hizi chini ya behewa kuna tangi la chuma lililogawanywa vyumba, na ndani yake wamo wadudu wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Kinachoshuka kutoka juu huangukia chumba cha kwanza, nao hukivamia na kukila, wakakigeuza maji na hewa. Hewa hutoka kwa kibomba. Maji husonga chumba hadi chumba yakizidi kutakata, na mwisho hupitishwa kwenye dawa kabla ya kumwagwa. Wadudu hawa hawataki mwanga wala upepo. Wanataka giza, joto na chakula cha kila siku, na kwa joto la Mombasa, asema Fadhiya, wanastarehe kuliko watalii.

Alianza kazi hiyo baada ya kufiwa na mumewe, Mzamil. Alichukuliwa kufagia mabehewa katika karakana moja nyuma ya magodauni ya Shimanzi, ambako wafagiaji wote walikuwa wakiyakimbia matangi. Siku moja Kaingu, fundi wa matangi, mtu wa Kaloleni mwenye maneno machache, alifungua bomba la mwisho akakinga maji kwenye gilasi. Fadhiya alisogeza pua kwa woga, akarudi nyuma, akasogeza tena. Hayakunuka. Yalikuwa na weupe kidogo, kama maji yaliyooshewa mchele. Akasema "Subhanallah," na tangu siku hiyo hakuutaka tena ufagio.

Kaingu akamfunza kufungua vifuniko, na kutia mbegu, ndivyo wanavyouita uji mzito wenye wadudu hai unaoanzishia tangi jipya. Akamfunza kuopoa vitu ambavyo wadudu hawavili: pampas, chupa, soksi, na mara moja meno ya bandia ambayo mwenyewe hakurudi kuyaulizia. Kuwafokea watu wa usafi alijifunza mwenyewe. Sabuni kidogo sawa, lakini Jik na Dettol za kumwaga ovyo ni sumu. Zinawaua wadudu, na wadudu wakifa, tangi zima linaoza. Wasafishaji walimwogopa kuliko msimamizi. Jioni huoga pale pale kazini, hubadilisha nguo zote, kisha hurudi kwake twahara na kuswali magharibi kwa moyo mkunjufu. Ni mtu aliyeridhika na maisha yake, na wala halifichi hilo.

Kwake ni kwa mkwe wake, Bi Mwanakuu, katika nyumba ya mawe ya ghorofa, ndani kabisa ya Mji wa Kale. Mzamil alipofariki, watu walitazamia Fadhiya arudi Kisauni kwa kaka yake. Eda ikaisha, hakuondoka, na Bi Mwanakuu hakumuuliza lolote. Mtoto hawakujaaliwa, yeye na Mzamil. Basi wanawake hao wawili wakaishi pamoja, huyu akipika, yule akiosha, na ugomvi wao mkubwa ukiwa ni chumvi ya mchuzi. Fadhiya alimpenda yule mama kupita kiasi, ingawa hakuwahi kumwambia.

Shida ya nyumba ile ilikuwa choo. Shimo la tangu enzi za mababu lilijaa, na lori la kunyonya maji taka haliwezi kupita katika uchochoro ambao hata tuktuk huingia kwa kubahatisha. Fuad, mdogo wake marehemu Mzamil, akataka kumhamishia mama yake kwake Kizingo na kuifunga nyumba. Fuad si mtu mbaya. Alimwonea mama yake huruma, basi.

"Shemeji, nipe nafasi kwanza," Fadhiya alimwomba.

Akaja na Kaingu, wakajenga uani tangi la saruji lenye vyumba kama lile la treni, wakatia mbegu kutoka Shimanzi. Choo kikafanya kazi bila harufu yoyote, na Fadhiya akawa hasemeki kwa majivuno. Lakini kuna jambo moja hakulifanya. Aliyekuwa akiwafundisha wasafishaji, abiria na wageni wa arusi habari za wadudu hakumweleza mkwe wake hata neno. Angeanzaje? Kwa adabu waliyolelewa nayo, mkaza mwana hamzungumzii mkwe wake mambo ya chooni. Alisema tu, "Mama, choo kiko tayari," na Bi Mwanakuu akajibu, "Ahsante," akaangalia pembeni.

Idi ikaja, wageni wakajaa, na ilipopita, choo kikaanza kunuka.

Mwanzo ilikuwa harufu ya kupita. Kisha ikapanda ngazi, ikaingia vyumbani, ikatua kwa majirani. "Kinyozi hajinyoi," jirani mmoja alisema dirishani, wala hakupunguza sauti. Fuad alikuja siku ya Ijumaa kula chakula cha mchana kama ilivyo ada yake, akaenda kunawa, akarudi uso umemkunjamana.

"Shemeji, mimi nilikuheshimu nikakupa nafasi," akasema. "Mama hawezi kukaa na uvundo huu. Idi ya kuchinja haitamkuta hapa, nakwambia mapema."

Bi Mwanakuu aliendelea kumpakulia wali. Fadhiya alirudisha tonge sahanini. Mahali pa kulala angepata, kaka yake hangemkataa. Lakini kuamka asubuhi asisikie zile ndara za Bi Mwanakuu zikiburuta kwenda kuinjika chai, hilo aliliogopa kuliko umaskini.

Akapambana. Alifungua vifuniko, akachungulia mabomba, akaongeza mbegu ndoo kwa ndoo. Wadudu wakitiwa leo, kesho wamekufa. Alilijua hilo kwa ishara alizozizoea: povu la kijivu, tabaka zima lililosimama juu bila kuliwa. Alijilaumu kwamba alijenga vibaya. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu, na kazini akaacha hata kufoka, mpaka wasafishaji wakaanza kumuulizia afya.

"Tangi halifi bure, dada," Kaingu alimwambia. "Kuna mtu analiua. Kwenu mwakaa wangapi?"

"Wawili."

"Basi kama si wewe..."

"Kaingu, koma! Yule ni mama mkwe wangu."

Kaingu akakoma, lakini neno lilikwisha kutoka.

Siku chache baadaye kazi ziliisha mapema, na Fadhiya akafika nyumbani adhuhuri. Mlango wa choo ulikuwa wazi. Bi Mwanakuu alisimama mle ndani, leso ameifunga puani, mkono wa kulia chupa ya Jik, wa kushoto chupa ya Dettol, anamimina bila huruma. Kwenye kidirisha kulikuwa na maji ya waridi yakingoja zamu yao.

Mdomo wa Fadhiya, ule uliotikisa karakana nzima, uligeuka gundi. Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa tayari kujifanya hakumwona mwenzake, na hivyo ndivyo ingekwenda siku zote. Lakini Fadhiya akaikumbuka Idi inayokuja. Mficha uchi hazai, akajiambia.

"Mama, niwie radhi. Nina neno la choo."

Bi Mwanakuu alishusha leso polepole. "Sema."

"Mle tangini mna wadudu. Ndio wanaokula kila kinachoshuka. Hizo dawa zinawaua."

"Wadudu hai?"

"Hai, mama. Walikuwa hai."

Bi Mwanakuu alitoka, akaketi kwenye kidato cha ngazi, chupa zake amezipakata. "N'mewaua wote?"

"Karibu wote."

"Ya Rabi! Nalikisafisha choo kwa ajili ya wageni wa Idi, kikanuka. Nikaongeza, kikazidi. Fuad aliposema maneno yale, nikawa namimina kila ukitoka kwenda kazini." Akazishusha chupa sakafuni. "Sitaki kwenda Kizingo, Fadhiya. Nalisema choo kikinukia uzuri, hatonitoa hapa."

Fadhiya akakaa chini sakafuni, mbele ya miguu yake. Kumbe siku zote zile walikuwa wakipigania kitu kimoja, yeye akiwatia wadudu asubuhi na mwenzake akiwafisha mchana. "Kwa nini hukunambia tangu kilipoanza kunuka, mama?"

"Ningekwambiaje? Kazi umeijenga kwa mikono yako, nikwambie choo chako chanuka?"

Fadhiya alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, na Bi Mwanakuu naye akashikwa, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Walipotulia, yule mama alijifuta macho na kuuliza, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli zake, "Hawa wadudu, ni kama hamira? Yaani watiwa kidogo, wakakua wenyewe wakipata joto na cha kula?"

"Ni kama hamira, mama."

"Sasa mbona hukusema hivyo tangu awali! Mimi n'nayepika mikate umri wangu wote, nitie Jik kwenye hamira? Nina wazimu?"

Wakaanza upya. Kaingu alikuja, wakatoa uchafu uliokwama, wakalisuuza tangi kwa maji mengi, wakatia mbegu mpya na kungoja. Chupa za dawa Bi Mwanakuu alizigawa kwa majirani, pamoja na nasaha ambayo hawakuiomba. Haya ile ya zamani ilivunjika moja kwa moja, pengine kupita kiasi. Fadhiya akirudi jioni, kabla hajavua viatu huulizwa kutoka juu kwa sauti inayofika mtaa wa pili, "Hebu watazame, wameshiba?" Na mgeni akiomba kwenda chooni, husomewa masharti kwanza. Harufu ikapungua, ikawa ya kupita tena, kisha siku moja Fadhiya alikinga maji ya chumba cha mwisho kwenye gilasi, akayanusa, akamwita mkwe wake aje anuse. Bi Mwanakuu alinusa, akashukuru Mungu.

Ijumaa iliyotangulia Idi ya kuchinja, Fuad alikuja. Fadhiya alikuwa jikoni, anakuna nazi, roho mkononi. Alimsikia shemeji yake akishuka chooni, akakawia, akapanda. Alisikia kiti kikivutwa.

"Choo kimepona," Fuad alisema. "Nasema kweli, hakina harufu hata kidogo. Shemeji ana kipaji." Sahani ikasogezwa. "Lakini mama, choo si peke yake. Ngazi hizi je? Na magoti yako? Kwangu kuna lifti. Mimi napenda ukae karibu yangu."

Alisema kwa mapenzi, hilo lilisikika wazi. Fadhiya aliacha kukuna. Juu ya ngazi na magoti hakuwa na la kufanya. Hakuna mbegu ya kutia hapo.

"Fuad, baba," Bi Mwanakuu alijibu taratibu, "mimi nina watoto watatu. Mmoja Mungu amemchukua. Mmoja yuko Kizingo, ana mke, ana watoto, ana lifti, alhamdulillahi. Wa tatu yuwarudi kila jioni kutoka Shimanzi, amechoka, na hana mwingine wa kumfungulia mlango. Sasa nambie wewe mwenye akili: nikihama mimi, yeye n'mwachie nani?"

Baada ya muda Fuad alisikika akiomba kuongezwa wali. Jikoni, Fadhiya alibaki ameketi juu ya mbuzi ya kukunia, kifuu mkononi, machozi yakimdondokea kwenye nazi, wala hakujisumbua kuyafuta.