Nilivyomzaa upya Bwana Radi kwenye kibanda cha kinyozi Kasulu

Wakuu, salamu kutoka huku milimani Kasulu. Mvua imekatika sasa hivi na mtandao umerudi, kwa hiyo nashusha kisa changu kabla haujapotea tena.

Hii si chai. Majina ya watu nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni mtu wa maabara kwenye kituo cha afya. Kwetu Morogoro, ajira ikanileta huku, sasa ni mwaka wa nne. Huku ukivaa koti jeupe wewe ni daktari, nimeshachoka kusahihisha watu.

Ila mapenzi yangu ya kweli ni kuchora katuni.

Utotoni nilikuwa mgonjwa wa Bwana Radi. Kwa wasiomjua: karani wa mjini anapigwa na radi juu ya ghorofa, anaamka anapaa. Kurasa mbili tu, kisha anaanza kukimbiza majambazi. Mimi nilipaa naye kutoka kwenye paa la jiko la bibi, kovu la kidevu ninalo hadi leo.

Gazeti lake lilikufa zamani. Mwaka jana wenye haki naye wakatangaza wanatafuta mchoraji wa kumtungia origin mpya, yaani kisa kipya cha alivyopata nguvu zake, cha wasomaji wa leo. Nikatuma sampuli, nikachaguliwa.

Mhariri, dada mmoja asiyecheka, akaniandikia masharti. Wiki sita. Kurasa nane. Watu wa kawaida wazisome kwanza, nami nimtumie video wakiwa wanasoma. Wachoraji wawili walishajaribu kabla yangu wakashindwa. Nami nikishindwa, Bwana Radi anazikwa na hatachorwa tena.

Wakuu, nilisoma ile email mara tano. Shujaa wangu alikuwa mikononi mwangu.

Nikafanya nilichoona ni cha kisasa. Nikamtoa Dar nikamleta huku, nikampa simu kali na ndevu za fasheni. Radi inampiga kilimani, anainuka bila hata koti kuungua, macho yanawaka, anapaa. Kusema kweli nilijipongeza.

Nikazibandika kurasa zote kwenye kibanda cha rafiki yangu Nestori, kinyozi wa karibu na soko. Pale watu wanasubiri zamu, lazima wasome.

Walisoma kweli. Mzee mmoja alifika ukurasa wa tatu akachukua kofia yake akaondoka kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. Nusu, wakuu!

Jioni nakuta Nestori amezibandua zote.

"Daktari, unataka nifunge kibanda?"

"Kwani kuna nini?"

"Huyu mtu wako kapigwa na radi, kaamka mzima, anacheka. Huku kwetu mtu wa hivyo tunamuuliza, radi hiyo umeitengeneza wewe kwa uchawi au umetumiwa na mchawi?"

Nikawaka. Nikamwambia radi ni umeme, mawingu yanasuguana, nikamshushia somo zima la fizikia. Nestori akaendelea kufuta mashine yake.

"Hayo nimesoma, sha. Umeme naujua. Lakini nenda kamwone Mama Evelina ndiyo urudi unifundishe."

Nilikwenda nimenuna. Wiki tatu zilikuwa zimeshakatika na sikuwa na kitu cha kutuma.

Mama Evelina ni mjane, analima maharage kijiji kimoja nje ya mji. Radi ilipiga jiko lake akiwa ndani. Mbuzi wawili waliokuwa wamejikinga ukutani walikufa. Yeye akapona. Na kupona ndiko kulikomponza.

"Mwakeye," nikamsalimia kwa Kiha changu cha kuokoteza. Akanihurumia akanijibu kwa Kiswahili.

Nikampa kurasa. Akazipitia taratibu, akafika pale jamaa anapopaa, akacheka hadi akajishika mbavu.

"Huyu kainuka akaruka! Mimi nilipoinuka sikujua huu mkono uko wapi. Na wa kwanza kuniona alikimbia."

"Nani?"

"Jirani yangu huyu hapa, Baba Zawadi. Alikuja kuniokoa. Kuona nasimama, akatupa ndoo, akatimka." Akanirudishia kurasa. "Sasa huyu wako, daktari, nani alimkimbia?"

Wakuu, kurasa nane, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amemkimbia!

Akaendelea. Tangu siku ile mkono wake unawasha mvua ikiwa inakaribia. Mwanzoni alikuwa anawapigia kelele majirani waanue maharage yao. Mvua inakuja kweli. Badala ya asante, wakasema mnaona, ndiye anayeileta. Kanisani benchi lake likawa la mtu mmoja. Msimu wa kuvuna akawa anavuna peke yake.

Niliona aibu, na hasira pia. Mimi niliyejiita mtu wa sayansi nilikuwa nimeishi miaka minne jirani na haya mambo, nikichora ndevu.

Nikamwomba ruhusa nitumie yaliyompata.

"Chora. Ila usinichore nalia. Sikulia."

Nilirudi nikachana zile kurasa zote nane.

Bwana Radi mpya ni mkulima wa huku. Hapai. Radi inampiga, anasimama, jirani anatupa ndoo na kutimua mbio, ukurasa mzima ni mgongo wa jirani na vumbi. Kijiji kinamfukuza, anabaki peke yake. Uwezo wake ni mmoja tu: anaihisi radi mwilini kabla haijashuka. Ukurasa wa saba kijiji kizima kimejikinga chini ya mti mmoja, na ngozi inaanza kumuwasha. Wa nane, anawakimbilia wale wale waliomfukuza.

Hakuna neno hata moja kwenye ukurasa ule.

Jumamosi ya mnada, Nestori akakubali kubandika tena, kwa sharti kwamba pakiharibika nitamtafutia kibanda kingine.

Wakuu! Watu walinyolewa wakagoma kuondoka. Jamaa mmoja mwenye upara kamili alikuwa kwenye foleni. Wakinamama wa Kikongo wanaofanya biashara kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu walisimama mlangoni wakasomeana kwa sauti, mmoja akauliza, "Alafu banamwomba pardon, ao hapana?" Kibanda kizima kikaanza kubishana kama waliomfukuza watamwomba msamaha au la. Mimi narekodi, simu inakaribia kuniponyoka.

Mara vichwa vyote vikageukia mlangoni. Mama Evelina alikuwa ameingia.

Alisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa nane. Kwenye benchi alikuwepo mwanaume mmoja mfupi, jasho linamtoka. Akasimama.

"Mama Evelina. Huyu wa ukurasa wa tatu, mwenye ndoo, ni mimi?"

"Ni wewe, Baba Zawadi. Na nilimwambia daktari akuchore una mbio nzuri."

Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Baba Zawadi naye akacheka, kisha uso ukambadilika. Akavua kofia.

"Nilikukosea sana, mama. Kaa hapa."

Akakaa. Baba Zawadi akakaa pembeni yake, bega kwa bega, na watu wengine wawili wakajibana kwenye benchi hilo hilo. Nestori alijifanya anatafuta mafuta ya mashine. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Video hiyo ndiyo niliyotuma. Mhariri akajibu kwa mstari mmoja: "Anaishi. Chora kitabu kizima."

Kimeshatoka, wakuu, na nimemaliza kuchora cha pili.

Nilichojifunza: nilihangaika kutafuta nguvu za shujaa zinatoka wapi, wakati kilichohitajika ni kujua nani alimkimbia na kwa nini yeye akarudi. Na ukitaka kujua watu wa mahali, funga mdomo kwanza.

Haya, uwanja ni wenu. Shujaa wako wa utotoni angezaliwa leo mtaani kwako, nani angekuwa wa kwanza kutupa ndoo? Wa kunipinga naye aje, ila asome hadi mwisho.

Baba Zawadi anawasalimu. Siku hizi anazunguka sokoni na nakala mkononi, anawafungulia watu ukurasa wa tatu: "Huyu ni mimi. Na huyu niliyemkimbia ni jirani yangu."